Mpishi wa Sabuni Aliyebaki Nyumbani

Wapendwa wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani na nyote mliofika kumsindikiza. Ninayesoma hapa ni mdogo wa mjane, yaani shemeji yake marehemu. Nilihamia nyumbani kwake mwaka 1995 nikisoma ukatibu, nikaanza kazi nikiwa palepale, na hata baada ya kuhama sikuacha kufika kila wiki, hasa siku za maharage. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenichagua nisome. Alisema watoto wake wangelia kabla ya mstari wa tatu, na ndugu zake wangempamba mpaka waombolezaji waulize wamekuja kumzika nani. "Wewe hunionei haya," aliniambia. Basi shemeji, leo pia sitakuonea haya.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Povu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, jirani na stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa reli, na mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani ili aone watoto wake na wateja wake kwa jicho moja. Mama huyo alituhadithia kwamba Povu alikuwa mtoto asiyelia sana lakini anayekula sana. La kwanza lilibadilika kidogo uzeeni. La pili alilishikilia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, na walimu walimpiga kwa ajili hiyo bila mafanikio yoyote, lakini hesabu alizimudu. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea mitambo ya mvuke. Wenzake wa chuo walikuwa wakimpima kwa mchezo: walimfunga kitambaa machoni, wakamsogezea chupa puani, naye akataja kilichomo, mafuta ya taa, grisi, siki, jasho la fulani. Pua ile ndiyo iliyomfungulia njia. Alihitimu mwaka 1974, akiwa wa pili darasani, na alipotaka kujua wa kwanza alimshinda wapi aliambiwa ni kwenye mwandiko.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kile cha kuta za njano, mwanzo akiwa msaidizi kwenye boila. Wiki yake ya kwanza alitumwa aingie ndani ya sufuria kubwa tupu la kupikia sabuni, alioshe kwa mpira wa maji. Hakuna aliyemwambia kwamba masalia ya sabuni yaliyogandia ukutani yakipigwa maji kwa nguvu huumuka. Yaliumuka. Wenzake waliochungulia kutoka juu waliona povu tupu na mkono mmoja unaopunga. Tangu siku hiyo jina lake la kwenye vyeti lilibaki kwenye vyeti.

Mwaka 1979 alipandishwa kuwa mpishi wa sabuni, na mwaka 1988 akawa mpishi mkuu wa zamu. Kwa wasioijua kazi hiyo, sabuni ya mche hupikwa. Mafuta na magadi makali huchemshwa pamoja katika sufuria la chuma linaloweza kumeza sebule nzima. Kisha mpishi humwagia chumvi, kwa koleo wala si kwa kijiko, ili sabuni ipande juu na maji machafu yabaki chini. Ili kujua kama imeiva, huchovya kijiti, hukiacha kipoe, kisha hukigusisha kwenye ncha ya ulimi. Ikiuma, magadi yamezidi. Isipouma, husema "imekubali" na watu hufungua mabomba. Kulikuwa na maabara pia, na watu wa maabara waliheshimiana naye vizuri, lakini wakati wa kungoja majibu Povu alikuwa ameshaonja. Aliipenda kazi ile. Naomba neno hilo mlishike, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Kiwanda kilikuwa na kawaida ya kuuza getini, kila Ijumaa mchana, vipande vilivyokatika vibaya. Mama yetu alimtuma dada yangu kununua. Wiki ya kwanza alirudi na makombo. Wiki ya nne alirudi na vipande vilivyonyooka kuliko miche ya dukani. Mama akavigeuza mkononi, akasema, "Hivi havikukatika. Kuna mtu anavikata." Dada akainama. Mama akasema, "Basi mtu huyo aje mbele, asijifiche nyuma ya sabuni." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1983, na Mungu akawajalia watoto watatu: binti mwaka 1985, mtoto wa kiume mwaka 1988, na kitinda mimba, binti tena, mwaka 1993. Kitinda mimba alizaliwa na kifua dhaifu. Alipofikisha mwaka, daktari alisema ni pumu.

Miaka ya tisini ilipoanza, sabuni ya unga kutoka nje ilijaa madukani katika mifuko inayong'aa, kwa bei ambayo kiwanda chetu kisingeweza kuifikia hata kwa ngazi. Watu wakauacha mche. Ijumaa, tarehe 30 Juni 1995, moto wa boila ulizimwa na wafanyakazi wote wakatolewa getini. Unga ulikuwa umemwagika. Marehemu alirudi nyumbani saa ile ambayo huwa harudi, akatundika ovaroli nyuma ya mlango wa chumbani, akakaa sebuleni akishika tama. Mimi nilikuwa nimehamia pale wiki moja tu, na begi langu lilikuwa bado halijafunguliwa. Nikajiuliza kama nilifungue.

Dada yangu alikuwa na meza ya vyombo vya plastiki sokoni, biashara ya kupatia hela ya mboga. Sasa ilibidi meza hiyo ibebe nyumba. Akapiga moyo konde, akaanza kusafiri kwa basi hadi mji wa mpakani kununua bidhaa kwa jumla, anaondoka Jumatatu, anarudi Alhamisi au Ijumaa. Na bidhaa iliyoulizwa na kila mteja, mnaweza kuikisia. Katoni za kwanza za sabuni ya unga ziliingia sebuleni kwetu mwezi wa tisa. Mke alikuwa anauza kile kilichomfukuza mumewe kazi, na mume alikuwa anakaa kwenye kiti akizitazama katoni hizo ana kwa ana. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba watoto walikuwa wanaomba chumvi kwa ishara. Dada hakuwa na raha. Aliniambia jikoni, "Akizitupa nje sitamlaumu."

Siku ya tatu marehemu aliinuka.

"Mama watoto, hizi nani kazipanga?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Sabuni ya unga haikai juu ya saruji. Itavuta unyevu, igande, uje kutukanwa na wateja. Kuna mbao nyuma ya choo, nileteeni."

Akaziinua zote, akazipanga upya juu ya mbao, akaacha nafasi ya hewa ukutani. Dada aliingia chumbani akafunga mlango, akalia kama aliyetuliwa mzigo. Kwa haki ya historia niongeze kwamba sabuni ile marehemu hakuitumia kwenye shati lake hata mara moja, mpaka anakufa.

Hapa sina budi kusimama kidogo. Kaka yake mkubwa, ambaye ni shemeji yangu pia na ninamheshimu sana, na ambaye sasa hivi ananitazama kwa jicho ninalolijua, aliniomba nisome habari za kiwandani kisha niruke moja kwa moja hadi ugonjwa. Eti habari za mwanamume na masufuria hazifai kuchapwa kwenye ratiba ya mazishi. Shemeji, niwie radhi. Kiwandani alifanya kazi miaka ishirini. Nyumbani alifanya ishirini na tisa. Nikisoma dogo nikaruka kubwa, hawa waliokuja hapa watanishangaa, maana wengi wao wameshakula kwa mikono yake.

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Dada akisafiri, mwenye nyumba alikuwa Povu. Yeye ndiye aliyeamsha watoto, aliyewaogesha, aliyechana nywele za mabinti vibaya kwa mwezi mmoja na vizuri baada ya hapo. Aliyakalia madawati madogo ya mikutano ya wazazi, mwanamume peke yake kati ya akina mama, mpaka akina mama wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya uji. Vijana wa kinyozi walimwita mama mwenye nyumba. Alipita, akasimama, akawajibu, "Mama yupo safarini. Mimi ni kaimu." Kisha akaendelea na safari yake ya kununua nyanya.

Tatizo lilikuwa chakula. Miaka mingi ya kuonja magadi ilikuwa imeuua ulimi wake upande wa chumvi, na mkono wake ulikuwa umezoea koleo. Alipika vizuri, harufu inakuita kutoka barabarani, lakini ukitia mdomoni, macho yanatoka. Hakuna aliyethubutu kusema. Tulimwonea huruma mtu aliyepoteza kazi, tukala na kunywa maji, tukanywa maji tena. Dada alikuwa akirudi anashangaa mtungi kwisha upesi. Hali hiyo iliendelea mpaka siku moja kitinda mimba, aliyekuwa na miaka mitatu, alipoweka kijiko chini na kusema:

"Baba, chakula kinauma."

Marehemu akaonja.

"Hakiumi."

"Kinauma, baba."

Akamgeukia binti mkubwa. "Kinauma?"

Binti mkubwa akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. "Kinauma tangu likizo ya mwezi wa kumi na mbili," akasema.

Marehemu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kushikia sufuria. Tangu jioni hiyo, hakuna chakula kilichotoka jikoni kwake kabla ya mtoto mdogo kuliko wote kuonja kwa kijiko na kutamka "imekubali" au "bado". Kitinda mimba aliishika nafasi hiyo kwa ukali kupita mtu wa maabara, na alipokua, kazi ilihamia kwa wajukuu.

Sasa nifike mwaka 2001, ambao bila huo, wasifu huu ningeusoma kwa sauti nyepesi zaidi.

Mwezi wa Machi mwaka huo kiwanda kilinunuliwa na watu wapya, waliotaka kuanza tena sabuni ya mche. Msimamizi wake wa zamani alikuja nyumbani mwenyewe. Alimkuta marehemu amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, na akazungumza amesimama, kama anayeogopa kukaa. Walimtaka awe mpishi mkuu, kwa zamu za saa kumi na mbili, juma hili mchana, juma lijalo usiku. Alitakiwa ajibu ndani ya siku chache. Marehemu alimaliza kuchambua mchele ule, akauchambua tena tangu mwanzo.

Jioni dada aliporudi kutoka safari, habari ikawekwa mezani.

"Nenda," dada akasema. Hakuwa amevua hata viatu. "Umeingoja miaka sita. Mimi nitaacha safari, nitabaki na meza yangu sokoni."

"Meza itasomesha?"

"Tutabanana."

"Mkubwa yuko sekondari. Wa kati anaingia mwakani."

"Nimesema tutabanana, baba watoto. Watu wanabanana."

Kila mtu mezani alijua mahesabu yalivyokaa. Bila safari za dada, nyumba isingesimama. Na zote mbili kwa pamoja, safari na zamu, zisingewezekana, kwa sababu ya mmoja aliyekuwa amekaa pale akichovya mkate kwenye chai. Kitinda mimba alikuwa na miaka minane. Mwezi uliotangulia tulimkimbiza hospitali mara mbili. Aliyejua kusikia kifua chake kabla hakijabana, akiwa chumba kingine, mlango umefungwa, redio inaimba, alikuwa baba yake peke yake. Mimi nilijaribu. Nilikuwa nikisikia redio.

Asubuhi yake marehemu alivaa ovaroli. Lilimbana tumboni. Tuliongozana hadi getini, mimi nikielekea kazini kwangu, na njiani alitembea upesi mno, ikabidi nimkimbilie. Alishinda huko mchana kutwa. Aliporudi uso ulikuwa mwekundu kwa joto, na watoto walimrukia wakamnusa, mdogo akashangaa kwa nini baba ananukia mtu mwingine. Alitueleza boila lilivyokataa kuwaka kisha likakubali. Alitueleza alivyoonja. Alizungumza kwa mikono, akamwaga chai, akaipangusa huku bado anazungumza. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama shemeji yangu jioni ile. Ndiyo maana hatukuelewa alipomaliza kula, akaweka kijiko, akasema:

"Nimewaambia watafute mwingine. Nitamfundisha wiki mbili, basi."

"Kwa nini?" dada akauliza.

"Kiwanda kilichofungwa mara moja kinafungwa mara ya pili. Wateja wako hawafungwi."

"Hiyo siyo sababu."

"Halafu nimeuchoka ule moto. Nimekaa nao leo siku moja tu, nimejiuliza zamani niliuvumiliaje."

"Hutajuta?"

"Nijutie nini, jasho?"

Tukacheka. Akakusanya vyombo. Dada alimwuliza swali lile tena mwaka uliofuata, na mara nyingine nyingi miaka iliyokuja, na jibu lilikuwa lilelile la jasho, mpaka likawa mzaha wa nyumbani. Naye alipomaliza wiki mbili za kufundisha, alilikata lile ovaroli vitambaa vya kushikia sufuria.

Kiwanda hakikufungwa tena. Kipo mpaka leo. Aliyefundishwa siku zile alikaa kwenye nafasi ile hadi alipostaafu kwa heshima, na yupo hapa, amekaa mstari wa pili. Watu hawakujua kwamba Povu aliitwa. Mtaani walijua tu kwamba kiwanda kilifufuka na Povu hakurudi, wakajaza wenyewe sababu: amezeeka, ulimi umekufa, mke kamkalia. Yeye hakumsahihisha mtu.

Kilichotokea baadaye ni kwamba dunia ilianza kumfuata huko alikotangulia. Jirani yetu mmoja alikuwa mtu wa benki, suti kila siku, na hakuwahi kumsalimu marehemu zaidi ya kumpungia mkono. Benki ilipopunguza watu, alikuja kwa mlango wa nyuma, akaulizia maharage yanachukua muda gani. Marehemu hakucheka. Alimkaribisha kigoda.

"Mke wangu yuko kazini mpaka jioni," jirani akasema. "Watoto wanarudi saa nane. Sijui naanzia wapi."

"Anza na vyombo," marehemu akamwambia. "Ukiwa na vyombo safi, mengine utayaona yenyewe."

Baada yake walikuja wengine, wote kwa mlango ule ule wa nyuma.

Na biashara ya dada nayo ilizeeka. Maduka makubwa yalifika mpakani kabla yake, na wateja wakaanza kuagiza vitu kwa simu na kuletewa mlangoni. Mwaka 2014 alisafiri mara ya mwisho. Lakini kwa marehemu zamu hazikuisha, zilibadilika tu. Binti mkubwa, fundi wa umeme, aliweza kukubali kazi ya zamu kwa kuwa wanawe wawili walilelewa na babu yao. Wa kiume anaendesha teksi ya kuitwa kwa simu na hana saa ya kula, kwa hiyo sahani yake ilikuwa inafunikwa na kufunuliwa siku nzima. Kitinda mimba, ambaye kifua chake kilitulia alipokuwa msichana, anafanya kazi ya tarakilishi chumbani kwake kwa ajili ya watu wa nchi ambayo asubuhi yao ni jioni yetu. Huyo ndiye aliyemsumbua zaidi. "Zamani nilijua kazi imekwisha kwa kumwona mtu anaingia mlangoni," alilalamika. "Huyu haingii wala hatoki, nitajuaje?" Akaamua mwenyewe. Kila usiku muda ukifika aligonga mlango akiwa na sahani, akatangaza, "Zamu imekwisha!" na hao wazungumzaji wa mbali wakamsikia kwenye mkutano wao, wakazoea.

Februari 2023 alianza kuvimba miguu. Hospitali walikuta shinikizo la damu la siku nyingi na figo zilizochoka. Daktari alimwambia asiguse chumvi tena. "Daktari," akamjibu, "mimi na chumvi hatujasikilizana tangu nikiwa kijana." Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja na nusu, bila malalamiko, ila tu kwamba chakula cha wodini hakina mwenyewe. Watoto na mjane walipangiana zamu za kumsindikiza, na hakuna siku aliyokaa kwenye mashine ile peke yake.

Mwezi wa Julai mwaka huu wa 2024 nilikwenda kumwona wodini, saa za mchana za kutazama wagonjwa. Dada alikuwa ameteremka kuchukua dawa. Nikamwambia, "Shemeji, nina swali la kichokozi."

"Lini ulikuja na lisilo la kichokozi?"

"Mwaka ule wa kiwanda. Ulijuta?"

Nilitegemea jasho. Aligeukia dirisha.

"Nilijuta sana," akasema. "Tena sana. Upepo ukivuma kutoka kule, nilikuwa naisikia harufu, najua kabisa leo wamezidisha magadi. Miguu inataka kwenda. Nasimama pale jikoni mpaka inapita, naendelea kupika."

"Mbona ulimwambia dada hapana?"

"Ningemwambia ndiyo, angeacha safari. Na alipokuja kuacha mwenyewe, ningemwambia kwa faida gani?" Akapumzika kidogo, maana maneno mengi yalikuwa yanamchosha. "Lakini sitaki nizikwe na uongo ule. Wewe si utasoma? Uuweke humo."

"Mwambie mwenyewe, shemeji. Yupo hapo chini, anapanda sasa hivi."

"Nikimwambia mimi, ataniomba msamaha. Sitaki msamaha, hakuna kosa. Watu wanadhani nilikaa nyumbani kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Hata wanangu nadhani. Nilikuwa na pa kwenda, shemeji. Palikuwa pananiita kila siku. Nilikaa."

Ndivyo alivyosema, na mimi nimeyaandika kama yalivyo. Nyinyi watatu, wanawe, mmesikia. Na wewe kitinda mimba usijibebeshe mzigo usio wako. Aliniambia pia kwamba katika sauti zote alizowahi kusikiliza, boila likiwemo, aliyopenda kuliko zote ni ya kifua chako kikiwa kimetulia.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, katika kitanda chake, mjane akiwa amemshika mguu uliovimba na mjukuu mdogo akiwa amelala pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Maneno haya sikuyapeleka kuchapwa bila idhini. Jana nilimsomea dada yangu, sisi wawili tu, tumekaa jikoni. Nilipofika pale pa wodini nilimtupia jicho. Yeye hakulia. Alikuwa anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja. Nikamwuliza kama niufute ukurasa huo.

"Usifute," akasema. "Nimelala naye miaka arobaini, unadhani sikumsikia akisimama jikoni? Nilijua. Nilikuwa nauliza ili aseme, na yeye hasemi."

Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nikimwambia safari nazipenda. Kwamba nikikaa nyumbani wiki nzima naugua. Mara ya kwanza nilipopanda lile basi nililia mpaka mpakani, abiria wakadhani nimefiwa. Na ya pili. Na kila Jumatatu niliyomwacha mtoto anakohoa. Nilijua mwaka ule wa kiwanda nikisema, atavaa ovaroli asilivue tena. Naye hapo angekuwa analala kiwandani kwa ajili yangu, sio kwa ajili yake." Akanitazama. "Liandike na langu. Yeye kasema lake, nami niseme langu, tuwe sawa."

Nimeliandika, dada.

Marehemu ameacha mjane, mfanyabiashara, aliyerudi nyumbani kila alipoondoka. Ameacha watoto watatu: binti fundi umeme, mtoto wa kiume dereva, na binti wa tarakilishi ambaye tangu Ijumaa ile hakuna wa kumgongea mlango, kwa hiyo ninyi ndugu zake pangeni zamu. Ameacha mkwe mmoja na wajukuu watatu. Ameacha kaka mmoja, dada wawili, mashemeji wasio na adabu, nikiwa wa kwanza wao, na majirani wa mlango wa mbele na wa nyuma.

Shemeji, hakuna aliyewahi kukuambia wazi, basi nakuambia mbele ya watu wote. Kazi uliifanya. Lala sasa, kwa amani.